Kiti cha Karibu na Mlango

Kwa matatu za Magadi kuna kiti kimoja ninachokigombania: kile cha karibu na mlango. Natoka Kitengela, napitia Isinya hadi Kiserian, nabadilisha gari. Pale Corner Baridi, barabara inapoanza kuteremka Bonde la Ufa, viganja vinatoa jasho. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari; Ziwa Magadi liko kama mita 600. Kadiri unavyoshuka, joto linapanda. Moyo unaenda mbio, kifua kinabana. Abiria mwingine anasema ni jua tu. Mimi naambiwa na mwili wangu kwamba nakufa.

Mwaka 1871, daktari wa Berlin aitwaye Carl Westphal aliandika kuhusu wanaume watatu walioshindwa kuvuka uwanja wa wazi mjini. Akili zao zilikuwa timamu; walijua vizuri uwanjani hakuna simba. Akauita ugonjwa wao agorafobia. Lakini wakiwa na mwenzao walivuka, na hata bakora tu mkononi ilisaidia. Bakora ya kumpiga nani? Nilicheka niliposoma hapo, halafu nikaiangalia chupa ya maji ninayobeba kila safari na ambayo huwa sinywi.

Huku kwetu hadithi ilienda kombo. Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, nyumba ya kuwafungia wendawazimu. Kuanzia 1938 msimamizi alikuwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida aliyepewa kazi hiyo bila kusomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alitufananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na akasema unyogovu ni nadra kwetu. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa wagonjwa waliofikishwa hospitalini. Na nani alifikishwa? Aliyevua nguo sokoni, aliyempiga jirani. Mama aliyeacha kwenda soko la Kajiado kimyakimya, akawa anatuma watoto, nani angemfunga kamba ampeleke Mathari? Anayekwepa hasumbui mtu. Hahesabiwi.

Mwaka 1947 Mmarekani O. Hobart Mowrer alieleza jinsi mtego unavyofanya kazi: ukikimbia unachokiogopa, unapata nafuu papo hapo, na ile nafuu ndiyo mwalimu. Inakufundisha kukimbia tena. Mwingereza David Clark akaongeza mwaka 1986 kwamba mwenye hofu ya ghafla anausoma mwili wake vibaya: moyo ukidunda, anasoma kifo. Kwa hiyo haogopi soko wala matatu. Anaogopa kitakachompata akiwa humo, na kwa sababu hushuka mapema, hajawahi kuona mwisho wake.

Mimi nilishuka mapema. Mwaka wa pili chuoni nilitoka ukumbini mbio katikati ya somo, nikidhani ni moyo. Nje nikapumua, raha tupu. Wiki iliyofuata nikakaa nyuma. Ya tatu nikasimama mlangoni. Ya nne sikwenda. Nyumbani wakasema ni uvivu, na sikuwa na neno la kuwajibu.

Mwezi jana nilikuwa naenda kwa mjomba Magadi, nikakuta kiti changu kimekaliwa.

"Buda, ingia nyuma, tunatoka," konda akasema.

Nikaingia, nikabanwa kati ya gunia la mboga na mama mmoja wa Kimaasai. Tulipopita Corner Baridi ikanishika, ile yenyewe. Mlango ulikuwa mbali, watu sita katikati.

"Kijana, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ni joto."

"Basi fungua dirisha."

Nikafungua. Upepo ulioingia ulikuwa moto kuliko wa ndani. Niliendelea kutetemeka, yeye akaendelea kunisimulia bei ya mbuzi Kiserian, na sijui ni saa ngapi hasa moyo uliacha, kwa sababu tulipofika Olorgesailie nilikuwa namuuliza kwa nini hakumuuza yule beberu.