Mikono Miwili, Fimbo Tatu

Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000, wanajeshi 19 wa kikosi cha Marines cha Marekani walikufa Marana, mji mdogo wa Arizona. Walikuwa mazoezini tu. Ndege yao, aina ya V-22 Osprey, ilikuwa inashuka kutua, ikalala ubavu ghafla, ikapinduka na kugonga ardhi. Miezi michache baadaye jeshi likatoa taarifa yake: ndege haikuwa na hitilafu, marubani walishuka haraka mno. Yaani, kwa lugha ya nyumbani, waliokufa wamejiua wenyewe na wakaua wenzao.

Mke wa mmoja wa marubani wale hakukubali. Alipigania jina la mumewe kwa zaidi ya miaka 15. Tutafika kwake. Ila ili uelewe kwa nini alikuwa na hoja, inabidi turudi nyuma karibu nusu karne, maana swali la Marana ni la zamani kuliko Osprey yenyewe. Ndege inayopaa wima ikianguka, tumlaumu nani: aliyeishika au aliyeitengeneza?

Kwanza, shida iko wapi?

Hebu fikiria ndege ya kawaida, ile unayopanda kwenda kumsalimia bibi Dar au Mombasa. Injini inaisukuma mbele, hewa inapita kwenye mabawa, mabawa yanaibeba. Hata kugeuka kwake kunategemea hewa hiyohiyo. Kuna vibao vinavyochezacheza kwenye mabawa na mkiani. Rubani akivisogeza, hewa inavisukuma na ndege inageuka. Sasa ondoa mwendo. Vibao vinakuwa kama usukani wa mashua iliyosimama: zungusha utakavyo, haikusikii.

Helikopta haina shida hiyo kwa sababu panga zake zinakata hewa muda wote, hata ikiwa imesimama angani. Rubani anabadilisha mlalo wa panga, helikopta inapanda, inashuka, inakwenda pembeni. Lakini kwa mwendo wa mbali, ndege ya mabawa inaiacha mbali sana.

Kwa hiyo watu wakataka vyote viwili: ipae wima kama helikopta, halafu ikimbie kama ndege. Kati ya hali hizo mbili kuna sekunde chache ambapo chombo si helikopta tena na hakijawa ndege. Mabawa hayajaanza kubeba sawasawa na vibao ndiyo kwanza vinaanza kusikia. Kipindi hicho tukiite mpito. Karibu kila kitu kwenye historia hii kinatokea hapo.

Kutua ukitazama nyuma

Mwaka 1951 jeshi la majini la Marekani lilitaka ndege ya kivita inayoweza kupaa kutoka kwenye meli yoyote, hata isiyo na uwanja mrefu. Kampuni za Convair na Lockheed zikapewa kazi. Jibu la wote wawili lilikuwa kuisimamisha ndege kwa mkia, pua ikitazama mbinguni. Ile ya Convair, XFY-1, ikapewa jina la utani Pogo.

Kihandisi haikuwa mbaya. Ilikuwa na propela mbili mbele, moja nyuma ya nyingine, zikizunguka kinyume ili ndege yenyewe isizungushwe. Upepo wa propela hizo ulipita juu ya vibao, kwa hiyo hata ndege ikiwa imeelea pale pale, vibao vilikuwa na hewa ya kufanyia kazi.

Novemba 1954, huko California, rubani James Coleman, aliyejulikana kwa jina la Skeets, alipaa wima na Pogo, akailaza, akaruka kama ndege nyingine yoyote, kisha akarudi akatua kwa mkia. Mpito kamili, kwenda na kurudi. Alipewa tuzo ya Harmon kwa kazi hiyo.

Lakini hebu mwangalie akitua. Pua iko juu, yeye amelala chali anaangalia anga, na ardhi iko mgongoni kwake. Anatakiwa ashuke kinyumenyume huku amegeuza shingo, akichungulia begani kukadiria imebaki mita ngapi. Umewahi kurudisha gari nyuma kwenye maegesho membamba? Sasa fanya hivyo kutoka angani, kwenye meli inayoyumba, labda usiku. Mwenzake wa Lockheed hakuwahi hata kupaa wima wala kutua wima. Aliwekewa magurudumu ya muda apae kama ndege ya kawaida, na mpito aliujaribu akiwa juu tu.

Kufikia 1956 mipango yote miwili ilikuwa imekufa. Pogo ilifanya kazi iliyoagizwa. Ila ilihitaji rubani kama Coleman, na jeshi halina akina Coleman mia.

Waingereza na pua nne

Waingereza walichukua njia nyingine: ndege ibaki mlalo, igeuzwe nguvu. Wazo la mwanzo lilikuwa la mhandisi Mfaransa, Michel Wibault. Kampuni ya Bristol ikatengeneza injini, na Hawker wakaijengea ndege. Injini hiyo ilitoa hewa yake kupitia pua nne zinazogeuka. Zielekeze chini, ndege inapanda. Zigeuze nyuma polepole, ndege inaanza kwenda mbele.

Tarehe 21 Oktoba 1960, kwenye uwanja wa Dunsfold kusini mwa Uingereza, rubani Bill Bedford aliinua ndege ya majaribio P.1127 ikiwa imefungwa kamba ardhini isije ikapotea. Mguu wake mmoja ulikuwa na plasta kwa sababu alikuwa amepata ajali ya gari. Septemba 1961 wakafanikiwa mpito kamili. Ndege hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Harrier, ikaingia jeshi la anga la Uingereza mwaka 1969.

Usukani wake wakati wa kuelea ulikuwa wa akili sana. Hewa yenye shinikizo ilichukuliwa kwenye injini ikapelekwa kwa mabomba hadi puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa, ikatoka kwa vitundu vidogo: pff huku, pff kule. Na fimbo ileile iliyosogeza vibao ndiyo iliyofungua vitundu. Kwa hiyo rubani hakuhitaji kujua hewa ya mbele imeanza kusaidia saa ngapi. Mkono wake wa kulia ulifanya kilekile tangu mwanzo hadi mwisho.

Tatizo lilikuwa mkono wa kushoto. Huo ulikuwa na fimbo mbili: moja ya nguvu ya injini, nyingine ya kugeuza pua nne, zikiwa jirani kabisa. Ukijumlisha na ile ya kulia, fimbo tatu kwa mikono miwili. Ushike isiyo yenyewe kwa sekunde moja karibu na ardhi, basi.

Halafu kulikuwa na upepo wa ubavuni. Harrier ikiwa inakwenda polepole na pua yake imekosana kidogo na upepo, bawa moja linabeba zaidi ya lingine na ndege inaweza kupinduka kabla hujasema lolote. Dawa ya kwanza ilikuwa kibendera kidogo kilichochomekwa mbele ya kioo cha rubani, akitazame ajue upepo unatoka wapi. Yaani usalama wote ule ulisimama juu ya jicho la mtu mwenye shughuli nyingine tatu.

Marines wa Marekani nao waliinunua Harrier. Mwaka 2002 gazeti la Los Angeles Times lilihesabu Marines 45 waliokufa katika ajali za ndege hiyo nje ya vita. Si zote zilitokana na mpito. Nyingine zilikuwa injini, nyingine matengenezo. Lakini jina lilishakaa: mtengeneza wajane.

Vipi tukimuuliza rubani anataka nini?

Kuanzia miaka ya 1980, watafiti wa serikali huko Bedford, Uingereza, walichukua Harrier moja ya viti viwili wakaweka kompyuta katikati ya rubani na mitambo. Kiti cha mbele alikaa rubani wa usalama mwenye usukani wa kawaida, tayari kunyakua ndege mambo yakiharibika. Kiti cha nyuma alikaa anayejaribu mfumo mpya.

Swali lao lilikuwa rahisi. Kwa kawaida tunamfundisha rubani aseme lugha ya mashine: pua ziwe nyuzi ngapi, nguvu kiasi gani. Je, mashine ikijifunza lugha ya rubani? Yeye anataka vitu vichache tu: juu au chini, kulia au kushoto, haraka au polepole. Basi mkono wa kulia upande na kushusha, wa kushoto uongeze na kupunguza mwendo, na kompyuta ijue yenyewe pua zigeuke vipi.

Wazoefu wa Harrier hawakuipenda wote. Walikuwa wametumia miaka kufundisha mikono yao tabia moja, na huku wanaambiwa wafundishe nyingine, jambo la hatari ukiwa mita 30 kutoka ardhini. Lakini mfumo ule ndio ulioingia kwenye F-35B, ndege iliyochukua nafasi ya Harrier. Humo rubani akiwa ameelea anaweza kuachia fimbo, na ndege inabaki pale pale kumsubiri. Mwaka 2005 ile Harrier ya majaribio ilitua yenyewe kwenye manowari HMS Invincible.

Turudi Marana

Osprey ina panga kubwa mbili, moja kila ncha ya bawa, zinazoinama pamoja na injini zake. Rubani anazigeuza kwa kigurudumu kidogo chini ya kidole gumba, na kompyuta inachanganya usukani wa helikopta na wa ndege kadiri panga zinavyoinama. Kwa hiyo mzigo wa Bedford ulikuwa umeshapunguzwa. Kilichobaki ni kumwambia rubani shimo liko wapi.

Shimo lenyewe ni hili. Panga likishuka haraka bila mwendo wa mbele, linazama kwenye upepo wake lenyewe, kama anayepanda ngazi inayoteremka. Helikopta zote zinalijua. Lakini Osprey ina panga mbili ubavu kwa ubavu, na moja likipoteza nguvu kabla ya lingine, ndege inapinduka. Kwa mwendo mdogo wa mbele, haikutakiwa kushuka zaidi ya futi 800 kwa dakika. Usiku ule ilizidi futi 2,000. Ndiyo, walivuka kikomo. Ila majaribio ya eneo hilo la hatari yalikuwa yamepunguzwa kabla, na mbele ya rubani hakukuwa na taa wala sauti ya kumwonya.

Desemba mwaka huohuo Osprey nyingine ikaanguka North Carolina, watu wanne wakafa. Waya zilikuwa zimesugua bomba la mafuta ya haidroli hadi likapasuka. Taa ikawaka, marubani wakabonyeza kitufe cha kuanzisha upya mfumo, kama walivyofundishwa. Programu ikajibu kwa kuyumbisha panga huku na huku, na kila walipobonyeza ikawa mbaya zaidi. Mikono ilifanya sahihi, kompyuta ndiyo iliyokosea.

Baada ya hapo ndege zilisimamishwa. Mabomba na waya vikapangwa upya, programu ikarekebishwa, majaribio yaliyorukwa yakafanywa, na onyo la kushuka haraka likawekwa. Ila majina ya Luteni Kanali John Brow na Meja Brooks Gruber yalibaki pale pale. Mke wa Gruber akaandika barua baada ya barua, na mbunge wa North Carolina, Walter Jones, akasimama naye. Mwaka 2016 naibu waziri wa ulinzi, Robert Work, aliandika kwamba ndege ilikuwa na mapungufu yaliyorekebishwa baada ya ajali, na kwamba haiwezekani kunyooshea kidole sababu moja tu. Watoto wa marubani wale walishakuwa wakubwa.

Na sasa hakuna mikono

Leo mpito unafanywa na vyombo visivyo na mtu ndani, na kimoja kimefika kwetu. Mwaka 2018 droni ya Wingcopter, ya Ujerumani, ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, kwenye mradi wa miezi sita wa DHL na shirika la GIZ. Kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi, wakati njia ya ardhini ni kilomita 240 na saa sita. Inapaa wima, inainamisha panga zake angani, inakimbia na mzigo wa hadi kilo nne, na ikifika inashuka taratibu bila kuhitaji uwanja.

Shingo ya Coleman, macho ya Bedford, kidole gumba cha Gruber: vyote sasa ni mistari ya programu iliyoandikwa na mtu ofisini. Ni jambo jema kwa mgonjwa wa kisiwani. Ila ikianguka siku moja, hakutakuwa na rubani wa kubebeshwa lawama, na itabidi waulizwe watu ambao zamani hawakuulizwa haraka: nani aliijaribu, na alikatisha majaribio wapi?

Kwa hiyo ukisikia kwenye taarifa ya habari maneno "makosa ya rubani", usiyameze mara moja. Uliza kwanza huyo rubani alikuwa ameombwa afanye nini, na kwa mikono mingapi.