Wafugaji Marekani washirikishwa kuchunguza malisho

MFUGAJI huutambua ukame kabla ya ramani kuuonyesha. Nchini Marekani, ukweli huu ulipuuzwa kwa miaka mingi kabla ya wenye ranchi na Wenyeji Asilia kuanza kushirikishwa katika uchunguzi wa hali ya malisho.

Hasara ya kupuuza huko inajulikana vyema na jamii ya Navajo, ambayo ardhi yake imo katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Kuanzia mwaka wa 1933, serikali ilishikilia kwamba kondoo na mbuzi wao walikuwa wengi kupita kiasi, na kwamba udongo uliomomonyoka ungelijaza tope bwawa la Hoover, lililokuwa likijengwa. Mifugo wengi waliuzwa kwa bei duni. Wengine walipigwa risasi na mizoga kuachwa papo hapo. Wanawake, ambao ndio waliomiliki sehemu kubwa ya kondoo hao, hawakusikizwa.

Siku hizi mfugaji ana nafasi ya kutoa ushahidi wake. Mnamo 1998, kufuatia mafuriko yaliyokumba mji wa Fort Collins mwaka uliotangulia, mtandao wa watu wa kujitolea uitwao CoCoRaHS ulianzishwa jimboni Colorado. Kila asubuhi mwanachama husoma kipima mvua nyumbani kwake na kutuma kiasi alichopata, hata kikiwa sufuri, kwani sufuri zinazofuatana ndizo huthibitisha ukame. Baadhi yao huongeza taarifa kuhusu nyasi, maji na mifugo.

Taarifa hizo huwasaidia watayarishaji wa ramani ya ukame ya taifa, inayotolewa kila wiki tangu 1999. Kiwango cha ukame ambacho ramani hiyo inaonyesha katika kaunti ndicho huamua iwapo mfugaji atalipwa fidia ya malisho na serikali. Hivyo basi, pale ambapo vipima mvua ni haba, mfugaji aweza kukosa haki yake ilhali ng'ombe wake wanakonda.

Kwa msomaji wa Isiolo au Baringo, jambo hili si geni. Wazee wa dedha miongoni mwa Waborana wamekuwa wakiamua ni malisho yapi yatumike na yapi yahifadhiwe kwa ajili ya kiangazi. Setilaiti huona rangi ya kijani tu; mfugaji ndiye ajuaye kama kijani hicho ni nyasi au ni mathenge.