Neno "Nakala" na Hifadhi ya Winguni: Historia ya Istilahi Iliyobeba Maana Mbili

UTANGULIZI

Imezoeleka kudhani kwamba istilahi ikiwa na upungufu, hasara yake ni ya lugha tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika fani ya kompyuta hasara hiyo yaweza kuwa ya mali yenyewe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupoteza orodha ya istilahi iliyokusanywa kwa miezi kumi na minne. Orodha hiyo ilikuwa katika kompyuta ya ofisi na pia katika hifadhi ya winguni, naye akaamini kwamba anayo nakala. Ilipofutwa kwa bahati mbaya kwenye kompyuta, ilifutika na huko winguni. Kosa likagunduliwa baada ya miezi miwili, wakati hata pipa la taka la hifadhi hiyo lilikuwa limekwisha kusafishwa. Fundi aliyeitwa aliuliza swali moja tu: "Ilikuwa nakala ya namna gani, ndugu?" Wakati ule swali hilo halikupata jibu. Hapa tutajaribu kulijibu kwa njia ya historia.

ASILI YA NENO

Neno "nakala" limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Katika ofisi za karatasi neno hili lilitosheleza haja. Mpiga chapa alitia karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili, nakala ikapelekwa kwenye jalada lake, na tangu hapo kila karatasi ikawa na maisha yake. Aliyefuta mstari katika barua ya asili hakuigusa nakala. Kwa hiyo ndani ya neno hilo mlikuwa na sifa ambayo haikuhitaji kutajwa, nayo ni kujitenga. Kompyuta za zamani ziliiendeleza sifa hiyo, kwa kuwa data ilinakiliwa kwenye kanda za sumaku na kanda zikawekwa kando.

Neno "wingu" nalo lina historia yake. Wahandisi walikuwa na desturi ya kuchora wingu katika michoro yao kuonyesha mtandao ambao undani wake haukuwa na haja ya kuelezwa. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data kwa njia ya intaneti, na mwaka 2008 Dropbox ikawafungulia watu wote huduma ya usawazishaji wa mafaili. Hapo ndipo sifa ya kujitenga ilipotoweka kimyakimya. Kazi ya usawazishaji ni kuhakikisha kwamba faili la hapa na la kule yanafanana daima. Likiharibika la hapa, uharibifu huo nao husawazishwa. Hata hivyo, watumiaji waliendelea kuliita faili la kule "nakala".

MATUKIO YALIYOFUNUA UPUNGUFU

Tatizo la kuiamini nakala isiyokaguliwa ni la zamani kuliko wingu. Mwaka 1998 katika studio za Pixar huko Marekani, amri iliyotolewa kimakosa ilifuta sehemu kubwa ya mafaili ya filamu ya Toy Story 2. Kanda za akiba zilipofunguliwa ilionekana kwamba unakili ulikuwa ukishindwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala aliyokuwa nayo nyumbani Galyn Susman, kwa sababu alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua.

Tukio lenye mafunzo mengi zaidi ni la GitLab, kampuni inayohifadhi programu za wateja wake. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja alikuwa akitengeneza hitilafu ya usawazishaji kati ya hifadhidata kuu na ile ya pili. Alikusudia kuisafisha ile ya pili, lakini amri akaitoa kwenye ile kuu. Aliposhtuka na kuisimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5 tu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujilinda, na walipozikagua moja baada ya nyingine hawakupata hata moja iliyokuwa tayari kuwaokoa. Mahali palipopaswa kuwa na nakala za kila siku palikuwa patupu, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo programu ikakataa kazi. Barua pepe za kutoa taarifa ya kosa hilo zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya hifadhidata iliyochukuliwa saa sita kabla kwa ajili ya shughuli nyingine. Data iliyoingizwa katika hifadhidata kwa saa hizo sita ilipotea. Ni sifa ya kampuni hiyo kwamba ilieleza hadharani kila hatua ya kosa lake.

Matukio mengine mawili yanahusu mahali. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakatambua kwamba data na nakala zao zilikuwa katika eneo lile lile. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika kituo cha data cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini, ukaangamiza hifadhi ya winguni ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala mahali pengine.

MAPENDEKEZO

Istilahi "nakala rudufu", ambayo hutumika sana, haiondoi utata huu. Kurudufu ni kufanya kitu kiwe viwili, na usawazishaji nao hufanya hivyo. Yafaa basi dhana tatu zitenganishwe:

(a) Nakala sambamba: ile inayofuata kila badiliko la asili, pamoja na kufutwa kwake.

(b) Nakala ya akiba: ile iliyojitenga na asili, iliyo mahali pengine, na inayotunza hali ya siku zilizopita.

(c) Jaribio la urejeshaji: kitendo cha kulifungua faili kutoka katika akiba ili kuthibitisha kwamba linasomeka.

Faida yake kwa msaka hitilafu ni kubwa. Badala ya kuuliza kama nakala ipo, atauliza kama nakala hiyo ni sambamba au ni ya akiba. Ni ya tarehe gani. Iko katika jengo gani. Na jaribio la mwisho la urejeshaji lilifanyika lini. Mwandishi angeulizwa maswali hayo mapema, orodha yake ingekuwapo hadi leo.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Walikuwa wakisema juu ya akiba ambayo mwenyewe huitazama mara kwa mara. Wasomaji wanaombwa kuyapima mapendekezo haya na kuleta maoni yao kabla hayajafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.