Wauguzi wa Oman na kinga ya mama na mtoto

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilithibitisha kuwa Oman imetokomeza maambukizi ya virusi vya Ukimwi na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ilikuwa nchi ya kwanza kufikia hatua hiyo katika kanda ya WHO ya Mashariki ya Mediterania, ambayo inajumuisha pia Misri, Sudan na Somalia.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mikononi mwa wauguzi wa kliniki za wajawazito, tangu Muscat hadi Ibra na Sur katika Sharqiyah, na Nizwa katika Dakhiliyah.

Vipimo na tiba

Oman ilianza kuwapima wajawazito virusi vya Ukimwi mwaka 2009. Muuguzi ndiye anayemweleza mama sababu ya kutolewa damu, na ndiye anayemfuatilia asipotokea tena.

Kaswende mara nyingi haina dalili. Isipotibiwa, mimba huweza kuharibika au mtoto akazaliwa mfu. Tiba yake ni sindano ya penisilini: dozi moja kwa ugonjwa mchanga, na sindano tatu, moja kila wiki, kwa uliokawia. Daktari huandika dawa. Muuguzi huuliza kama mgonjwa ana mzio, humdunga, kisha humwangalia kwa muda kabla ya kumruhusu kwenda.

Kwa virusi vya Ukimwi, bila tiba uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Mama akitumia dawa ipasavyo, hushuka chini ya asilimia 5.

Siri ya mgonjwa

Jambo gumu zaidi ni aibu. Katika miji ambayo watu hujuana kwa ukoo, na ambako familia nyingi zenye asili ya Zanzibar bado huzungumza Kiswahili, mama huhofia habari zake kuvuja. Tena mume naye hana budi kutibiwa, la sivyo atamwambukiza mkewe upya. Muuguzi hutakiwa kulieleza hilo kwa staha, bila kuvunja nyumba wala kutoa siri.

Uthibitisho wa WHO si wa kudumu. Nchi hukaguliwa tena. Mama mmoja asiyepimwa anatosha kumfikishia mtoto maradhi yanayozuilika. Wahenga walikwisha kusema: mficha uchi hazai.