Uchapaji wa Picha Ulivyoingia Chuo Kikuu

Zamani huko Ulaya kazi ya kuchapa picha aghalabu iligawanywa: huyu alichora, yule alichonga bamba la shaba, mwingine akachapa. Stanley William Hayter, Mwingereza aliyefungua karakana yake Paris mwaka 1927 na kuihamishia New York mwaka 1940, alitaka yote yawe mkononi mwa mtu mmoja. Mauricio Lasansky wa Argentina, aliyefanya kazi humo, aliipeleka rai hiyo Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1945. Wanafunzi wake wakaieneza katika vyuo vingine vya Marekani. Hivyo kazi iliyohesabiwa kuwa ya mafundi tu ikapata shahada. Mwenye kuitaka haimtoshi kujua kuchora na historia ya sanaa. Hulichonga bamba mwenyewe, au huliacha liliwe na tindikali, akalipaka wino na kulichapa, kisha huzionyesha kazi zake hadharani. Tindikali ikizidi, hana fundi wa kumsingizia.