Väinö: Jina Lililotoka Kwenye Tenzi

Kwa karne nyingi wavulana wa Ufini walibatizwa majina yaliyoletwa na kanisa: Johannes akageuka Juhani, Henrik akawa Heikki, Martin akawa Martti. Väinö halikupitia mlango huo. Limetoka vinywani mwa wakulima na wavuvi walioimba tenzi za kale, na kwa sababu hiyo naliona kuwa jina la Kifini kuliko mengine yote.

Mzizi wake ni väinä, neno kongwe la mlangobahari au mto mpana unaotiririka polepole. Hadi leo mto Daugava wa Latvia huitwa Väinäjoki kwa Kifini. Kwenye neno hilo väinä ndiko linakotoka jina la Väinämöinen, mzee mwenye hekima ambaye nyimbo zake zilikuwa na nguvu ya uganga. Mnamo 1551 Mikael Agricola, mwanamatengenezo wa Kilutheri, alimtaja miongoni mwa miungu ya watu wa eneo la Häme kuwa ndiye mfuaji wa nyimbo. Agricola aliiandika orodha hiyo kukemea upagani. Badala yake akatuhifadhia kumbukumbu.

Aliyemrudishia mzee huyo heshima ni Elias Lönnrot, daktari wa wilaya ya Kajaani. Alitembea vijiji vya Karelia akiandika yaliyoimbwa, na mwaka 1834 akakutana na Arhippa Perttunen, mghani hodari kupita wote aliowasikiliza. Nyimbo hizo akaziunganisha kuwa utenzi mmoja, Kalevala, uliochapishwa 1835. Toleo kubwa la 1849 lina nyimbo 50 na mistari 22,795. Msomaji wa Kiswahili hatajiona mgeni humo, maana mstari wake kwa kawaida una mizani nane, sawa na kipande cha utenzi wetu, ingawa Wafini hutegemea mwangwi wa herufi za mwanzo badala ya vina. Jan Knappert, mtafiti wa tenzi za Kiswahili, ameitafsiri kwa lugha yetu.

Wakati Kalevala ilipochapishwa, Ufini ilikuwa chini ya Urusi, na wenye elimu waliandika Kiswidi. Amri ya 1863 ilipoanza kukipa Kifini nafasi katika ofisi za serikali, wazazi nao walitafuta majina ya nyumbani. Väinämöinen likafupishwa, likawa Väinö. Väinö Tanner, waziri mkuu wa 1926 hadi 1927, alizaliwa 1881. Väinö Linna, mwandishi wa riwaya Tuntematon sotilas, alizaliwa 1920.

Jambo moja hunigusa sana. Katika wimbo wa mwisho wa Kalevala, mtoto wa msichana aitwaye Marjatta anabatizwa na kutawazwa mfalme wa Karelia, naye Väinämöinen anaondoka kwa mashua ya shaba, akiwaachia watu kinanda chake, kantele. Haikupita hata karne moja tangu wimbo huo uchapishwe, wachungaji wakawa wanawabatiza watoto kwa jina la mzee yule yule aliyeupisha ubatizo. Baadaye jina lilififia, likabaki la mababu. Katika karne hii vitukuu wao wamelirudia, na Väinö limo tena miongoni mwa majina yanayopendwa zaidi kwa wavulana wa Ufini.