Mwanga wa Valvu na Hesabu za Williamson

Anayeuza kikuza sauti cha valvu siku hizi hukipiga picha gizani. Taa ya chumba huzimwa ili ule mwanga wa rangi ya chungwa unaochungulia ndani ya chupa za kioo uonekane peke yake, na chini ya picha hapakosi neno moja: joto. Sauti ya valvu, tunaambiwa, ina joto. Ya transista ni baridi. Dai hili limerudiwa hata likajitungia historia yake, kwamba mafundi wa zamani waliijua siri ya sauti tamu, kisha viwanda vikaitupa kwa kutafuta unafuu wa gharama. Makala hii inalipinga dai hilo, na shahidi wake mkuu ni andiko ambalo wapenzi wa valvu hulitaja kwa heshima bila kuzingatia linasema nini: makala ya D. T. N. Williamson iliyotoka katika toleo la Aprili na la Mei 1947 la jarida la Wireless World la Uingereza.

Tuanze na mwanga wenyewe, kwa kuwa una mengi ya kueleza, ila si yale unayosingiziwa. Ndani ya valvu, waya mwembamba hupasha moto kathodi, kimrija kilichopakwa oksidi za metali kama bari, hadi kufikia nyuzi 700 au 800 hivi za Selsiasi. Hapo elektroni huchomoka na kuvuka ombwe kuelekea anodi. Katikati ya kathodi na anodi umewekwa wavu wa waya uitwao gridi, na badiliko la volti chache tu katika gridi hiyo hufungulia au hubana mkondo wote. Huko ndiko kukuza sauti. Rangi ya chungwa tunayoiona ni ya ule waya na kathodi yake tu. Valvu za mwanzo zilitumia waya mtupu wa tungsteni, uliohitaji kupita nyuzi 2,000, nazo ziliwaka kama balbu ya taa. Oksidi ilisifiwa kwa sababu ilitoa elektroni kwa moto mdogo zaidi. Kwa maneno mengine, wahandisi walitumia miaka mingi kuupunguza mwanga huo. Rangi nyingine nazo zina maana zake. Utando wa bluu unaocheza juu ya kioo kwa ndani husababishwa na elektroni zilizopotea njia, wala hauna madhara. Lakini ukungu wa bluu au zambarau ukionekana katikati ya vyuma, gesi imo na ombwe limeharibika. Doa la fedha linalong'aa kwenye kioo ni bari iliyowekwa ili kufyonza gesi, na likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia. Anodi ikianza kuiva wekundu, valvu imezidiwa na yafaa umeme ukatwe mara moja. Kwa fundi, hizi ni dalili za uzima na ugonjwa. Hakuna hata moja inayofika kwenye spika.

Historia ya mwanzo inajulikana, wala haina haja ya kukaliwa kitako. John Ambrose Fleming alipata valvu ya ncha mbili mwaka 1904, na Lee de Forest akaongeza gridi mwaka 1906. De Forest amepewa sifa kuliko alivyokielewa kifaa chake, kwani aliamini kinahitaji mabaki ya gesi ili kifanye kazi; Harold Arnold wa kampuni ya simu ya AT&T na Irving Langmuir wa General Electric ndio walioonyesha kwamba kinataka ombwe kamili. Lililo muhimu kwetu ni kwamba kazi kubwa ya kwanza ya valvu ilikuwa simu, si muziki. Laini ya New York hadi San Francisco ilipozinduliwa mwaka 1915, sauti ilikuzwa na kukuzwa tena njiani, na kasoro ya kituo cha kwanza ilikuzwa pamoja na maneno. Ndiyo maana Harold Black wa maabara ya Bell, akiwa ndani ya kivuko akienda kazini tarehe 2 Agosti 1927, alichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times wazo la mrejesho hasi: chukua sehemu ya sauti inayotoka, irudishe mlangoni ikiwa imegeuzwa kinyume, na kasoro itajifuta yenyewe. Gharama yake ni kupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kukuza.

Williamson alikuwa na miaka 24 makala yake ilipotoka. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha Marconi-Osram, watengenezaji wa valvu ya KT66, kabla ya kuhamia Ferranti huko Edinburgh. Sharti alilojiwekea lilikuwa kali kwa wakati ule: wati 15, na upotoshaji usiozidi asilimia 0.1. Alitumia KT66 mbili zinazopokezana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, tena akaziunga zifanye kazi kama valvu za ncha tatu, jambo lililozipunguzia nguvu lakini likazinyoosha tabia. Kisha akarudisha mrejesho wa desibeli 20 kupitia hatua zote nne za kikuza sauti. Desibeli 20 maana yake ni kuacha sehemu tisa kwa kumi za kukuza ili upotoshaji nao ushuke hadi sehemu moja kwa kumi. Huyu si mtu aliyetaka valvu isikike. Alitaka inyamaze, muziki upite.

Ugumu ulikuwa kwenye transfoma ya kutolea sauti. Jozi ile ya valvu ilitaka kuona mzigo wa omu 10,000, ilhali spika ina omu chache tu, kwa hiyo transfoma huwa mkalimani kati yao. Mkalimani huyo huchelewa. Kwenye sauti nzito kabisa na nyembamba kabisa, mawimbi hutoka yakiwa yamepishana na yalivyoingia. Upishano ukifika nusu ya wimbi, mrejesho uliokusudiwa kufuta kasoro huanza kuilisha, na kikuza sauti hupiga kelele chenyewe bila muziki wowote. Williamson alidai transfoma yenye induktansi isiyopungua henri 100 upande wa valvu, na uvujaji usiozidi milihenri 30. Vipimo hivyo viwili huvutana: cha kwanza kinataka chuma kingi na mizunguko mingi ya waya, cha pili kinataka waya huo ugawanywe katika tabaka nyingi zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Uzito na gharama ya kikuza sauti chake vilikuwa hapo, katika pande la chuma na shaba lisilotoa hata cheche ya mwanga.

Mapokezi yake yanatuambia kizazi kile kilitafuta nini. Harold Leak alikuwa tayari, tangu 1945, akiuza vikuza sauti kwa jina Point One, yaani ile asilimia 0.1, bidhaa iliyojitangaza kwa kipimo cha kasoro zake. Huko Marekani, David Sarser na Melvin Sprinkle walichapisha mwaka 1949 muundo uliotokana na ule wa Williamson. Wako wasemao kwamba wahandisi waliabudu vipimo kwa kukosa masikio, na hivyo wakaitupa sauti tamu pasipo kujua. Hoja hiyo inaangushwa na Sarser mwenyewe, aliyekuwa mpiga fidla katika okestra ya NBC chini ya kondakta Toscanini. Aliyeketi katikati ya okestra hakuhitaji kuambiwa fidla inalia vipi, naye alichagua mrejesho na asilimia ndogo.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo linastahili kusikilizwa kwa subira: masikio ya watu wengi makini yamesikia tofauti. Mwaka 1973 Russell Hamm, mhandisi wa studio ya kurekodi New York, aliandika katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti kwamba vikuza sauti vya maikrofoni huzidiwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, na kwamba vikizidiwa, valvu na transista hupotoka kwa namna mbili tofauti. Valvu huongeza kasoro pole pole, na harmoniki ya pili, ambayo ni oktavu ya noti ileile, huwa na nguvu. Sikio huichukua kama unene wa sauti. Hamm alikuwa sahihi, na wapiga gitaa la umeme wamelijua hilo kwa vitendo. Lakini alichunguza vifaa vilivyozidiwa. Amplifaya ya gitaa ni sehemu ya ala, inaruhusiwa kuwa na sauti yake. Ya kusikilizia rekodi haina ruhusa hiyo.

Vikuza sauti vikibaki ndani ya mipaka ya nguvu zake, ushahidi unageuka. Mwaka 1978 James Moir aliripoti katika Wireless World majaribio ya kusikiliza bila kujua kifaa kipi kinalia, kati ya amplifaya ya valvu ya kampuni ya Quad, Quad II, na Quad mbili za transista. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Ni kweli kwamba Quad wenyewe walikuwa na maslahi katika jaribio hilo, na kila mwamba ngoma huvutia kwake. Hata hivyo, mwaka 1985 Bob Carver alikubali changamoto ya jarida la Stereophile, lililokuwa upande wa wapinzani, akarekebisha amplifaya yake ya transista hadi ikafanana na ya valvu waliyoichagua wahariri, nao wakashindwa kuzitenganisha. Kama joto lilikuwa ndani ya kioo, transista ililipata wapi? Lilikuwa katika tabia zinazopimika: mrejesho ni mdogo au mkubwa, transfoma ni ya namna gani, na kikuza sauti kinaishika spika kwa nguvu kiasi gani. Vikuza sauti vya valvu moja moja visivyo na mrejesho, vilivyofufuliwa Japani na kupendwa kwingineko, vina tabia hizo kwa wingi. Mtu ana haki ya kuvipenda. Hana haki ya kuviita urithi wa mabingwa wa 1947, ambao walifanya kazi usiku na mchana kuziondoa.

Basi anayetaka kujua thamani ya kikuza sauti cha valvu asikizimie taa. Awashe taa zote, akigeuze, na ainue transfoma yake kwa mikono miwili.